Sayansi na masomo ya sanaa: nani alizitenganisha, na darasani tuzikutanishe vipi

Mwaka 1913 kule Urusi kulikuwa na mtaalamu wa hisabati anaitwa Andrey Markov. Huyu bwana alichukua Eugene Onegin, kile kisa kirefu cha Pushkin kilichoandikwa kwa mashairi, halafu badala ya kukisoma kama watu wanavyosoma mashairi akaanza kukihesabu. Akatoa nafasi zote kati ya maneno, akatoa nukta na mikato, akabaki na msururu wa herufi 20,000, akazipitia moja moja kwa mkono, hii irabu, hii konsonanti, mpaka mwisho. Akapata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Hapo wengi wangeishia, ila yeye akauliza swali la pili ambalo ndo lenye utamu: ukiwa umesimama kwenye irabu, kuna uwezekano gani herufi inayofuata nayo ikawa irabu? Jibu karibu asilimia 13. Na ukiwa umesimama kwenye konsonanti? Inaruka mpaka kama asilimia 66. Maana yake herufi iliyotangulia inaivuta inayofuata, hazidondoki ovyo.

Na kilichomfikisha huko ni ubishi wa kifalsafa. Mwenzake mmoja, Pavel Nekrasov, mtu wa hisabati na wa teolojia pia, alikuwa anasema ile kanuni ya wastani kutulia unapokusanya matukio mengi inafanya kazi pale tu matukio yanapokuwa hayategemeani, na kwakuwa takwimu za mambo ya watu zinatulia hivyo hivyo, basi hiyo ni dalili kwamba binadamu ana hiari. Markov hakukubali kabisa, akaonesha kwa hesabu kwamba hata vitu vinavyotegemeana wastani wake unaweza kutulia, halafu akaenda kutafuta mfano wa kweli, akaupata kwenye ushairi. Miaka 35 baadaye, 1948, Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, akatumia njia hiyo hiyo kwenye maandishi ya Kiingereza wakati anajenga nadharia ya habari, yaani hisabati ya kupima na kusafirisha taarifa, na programu za kompyuta za leo zinazobashiri neno linalofuata zina ukoo na ile kazi.

Sasa niambie, kazi ile uiweke mchepuo gani? Mjadala wa hiari ya binadamu ni falsafa na dini, hesabu ni hesabu, maandishi ni fasihi, matunda yake yakaangukia kwenye kompyuta. Mwanafunzi anayeambiwa akiwa na miaka 15 achague upande mmoja na auache mwingine moja kwa moja, anaambiwa achague kipande cha kazi kama hiyo na vipande vingine asiviguse tena. Mimi mwenyewe niliambiwa hivyo, mwalimu aliangalia maksi zangu za fizikia akasema usipoteze muda na fasihi, na mimi nikamwamini kwa sababu ndo mtu mzima aliyekuwa mbele yangu. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba hakukosea kuhusu fizikia, alikosea kuhusu fasihi, na pengine hata yeye aliambiwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo.

Nikisema masomo ya sanaa hapa simaanishi kuchora na kuimba peke yake, namaanisha historia, fasihi, lugha, falsafa, elimu ya dini, yale yote yanayomchunguza binadamu na alichokiacha. Na sayansi hapa ni zile za asili: fizikia, kemia, baiolojia na jamaa zake.

Watu wengi wanadhani huu mgawanyo umekuwepo tangu dunia iumbwe, kwamba kuna vichwa vya namna mbili. Kihistoria mgawanyo ni mchanga sana. Al-Khwarizmi, mtaalamu wa hisabati wa Baghdad, alipoandika kitabu chake cha aljebra karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu ni maswali ya mirathi na wasia, mtu kafa kaacha watoto kadhaa na deni na wasia kwa mtu wa nje, kila mmoja anapata ngapi, yaani aljebra ilikaa chumba kimoja na sheria na dini bila shida. Ibn Sina alikuwa tabibu na mwanafalsafa, na aliandika shairi refu la kufundishia tiba ili wanafunzi walikariri. Newton mwaka 1687 kitabu chake kikubwa alikiita cha falsafa ya asili, hakukiita cha sayansi kwa maana tunayoijua sisi, na hata lile neno la Kiingereza la kumwita mtu mwanasayansi lilibuniwa miaka ya 1830 na William Whewell, ambaye mwenyewe alikuwa anaandika historia na falsafa. Kwahiyo Newton aliishi akafa bila kuitwa mwanasayansi na mtu yeyote.

Kilichotokea karne ya 19 ni kwamba maarifa yaliongezeka mpaka mtu mmoja hawezi kuyabeba, vyuo vikuu vikaanza kugawana idara, kila idara na maabara yake na majarida yake. Hilo lilikuwa na faida kubwa na sitaki kulibeza, bila ubobezi tusingekuwa na chanjo wala tusingekuwa na kamusi nzuri. Ila pamoja na kugawana kazi watu wakaanza kutafuta sababu ya kinadharia ya mgawanyo. Mjerumani Wilhelm Dilthey mwaka 1883 akatetea kwamba elimu za binadamu zina msingi wake, na baadaye akaliweka jambo kwa ufupi ambao bado unatumika: asili tunaieleza, maisha ya nafsi tunayaelewa. Kueleza ni kutafuta chanzo na kanuni, kwa nini jiwe limeanguka. Kuelewa ni kutafuta maana, kwa nini mama huyu hataki jiwe hili liondolewe.

Halafu mwaka 1959, Cambridge, C. P. Snow akatoa mhadhara wake maarufu kuhusu tamaduni mbili. Snow alikuwa kasomea fizikia na alikuwa mwandishi wa riwaya, kwahiyo alikuwa anakaa na makundi yote mawili, na anasimulia kwamba aliwahi kuwauliza wasomi wa fasihi kama kuna anayeweza kueleza sheria ya pili ya thamodinamikia (ile ya fizikia kuhusu joto, kwamba halihami lenyewe kutoka kwenye kitu baridi kwenda kwenye cha moto), wakamwangalia kwa ubaridi, wakati kwa maoni yake swali hilo lina uzito sawa na kumuuliza mtu wa sayansi kama amewahi kusoma kazi yoyote ya Shakespeare. Mhadhara ule ulizua ugomvi mkubwa. Mimi naona Snow aliiona hali vizuri ila alipima ujinga kwa kipimo chepesi, kama vile tatizo ni watu kukosa taarifa za upande wa pili. Ingekuwa hivyo tungewapa kila mmoja kitabu kimoja na jambo lingekwisha. Tatizo ni zito zaidi, ni kwamba kila upande haujui upande wa pili unahesabu nini kuwa ushahidi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndo pana jambo lenyewe, na nitatumia mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi wa 2014 mpaka 2016, ule wa Guinea, Liberia na Sierra Leone, wagonjwa zaidi ya 28,000 na waliokufa zaidi ya 11,000. Baiolojia ilikuwa na jibu sahihi mapema: virusi vinaambukiza kupitia majimaji ya mwili, na mwili wa marehemu una virusi vingi mno, kwahiyo kumwosha na kumshika maiti ni hatari. Kutokana na hapo timu zikaja na mifuko na nguo za kujikinga, zinachukua maiti, zinazika haraka. Kisayansi hakuna kosa. Ila familia zikaanza kuficha wagonjwa na kuzika usiku kimya kimya, na ugonjwa ukaendelea kupita humo humo.

Sasa ukiwa na jicho la kueleza tu, utasema watu hawana elimu, tuongeze mabango. Wanaanthropolojia waliokwenda kukaa na familia walirudi na kitu kingine: kwa wengi pale maziko ndo yanamvusha marehemu kwenda kwa wazee wake, asiyezikwa vizuri hajafika, na waliobaki ndo wanabeba lawama hiyo maisha yao yote. Mtu anayeficha maiti ya mama yake hajashindwa kuelewa virusi, anapima hatari mbili na moja kati yake sisi hatuioni kwenye hadubini. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, familia inashirikishwa, kiongozi wa dini anakuwepo, na kwa Waislamu ikaelezwa namna ya kumtayamamia maiti, yaani kumtakasa kwa vumbi safi, badala ya kumwosha kwa maji, halafu sanda. Angalia vizuri kilichotokea pale. Virusi havikubembelezwa, masharti ya baiolojia yalibaki yale yale, hakuna mtu aliyesema basi kwa kuheshimu mila tuoshe tu. Na maana ya maziko nayo haikufutwa. Kila upande uliuwekea mwingine mpaka, na suluhisho likapatikana kwenye nafasi iliyobaki kati ya mipaka hiyo miwili. Mimi ndo hiyo naiita kupatanisha.

Mfano wa pili ni wa jicho lenyewe. Julai 1609 Thomas Harriot, Mwingereza, mtaalamu hodari wa hisabati, alielekeza darubini kwenye mwezi akachora alichokiona. Mchoro wake una mstari wa kuparuzika kati ya upande wenye mwanga na upande wa giza, na madoadoa, basi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Galileo akaangalia mwezi ule ule. Ni kweli darubini yake ilikuwa na nguvu zaidi, inakuza kama mara 20 wakati ya Harriot ilikuwa mara 6, hilo lazima lisemwe. Ila Galileo alikuwa pia amejifunza kuchora, na alijua jinsi kivuli kinavyomwonesha mtu kitu kilichotokeza na kitu kilichobonyea. Akaona kule upande wa giza kuna vidoa vya mwanga vimekaa peke yake, mbali kidogo na mpaka, na kadri saa zinavyokwenda vinakua na kuungana na upande wenye mwanga. Akajua hii ni alfajiri. Ni vilele vya milima vinapigwa na jua kabla bonde halijapata mwanga.

Halafu akachukua hesabu. Alikadiria kipenyo cha mwezi kama maili 2,000 za Italia za wakati ule, kwahiyo nusu kipenyo ni 1,000. Baadhi ya vidoa vilikuwa mbali na mpaka kwa moja ya ishirini ya kipenyo, maili 100. Chora pembetatu mraba, upande mmoja ni nusu kipenyo na wa pili ni umbali wa kidoa: 1,000 zidisha kwa 1,000, jumlisha 100 zidisha kwa 100, unapata 1,010,000, tafuta kipeuo chake inakuja karibu 1,005, toa 1,000 ya nusu kipenyo, mlima una urefu wa zaidi ya maili 4. Mtoto wa sekondari anaifanya kwenye daftari dakika tano! Kitabu chake kilitoka Machi 1610, na Harriot alipochora tena mwezi mwaka huo, mashimo yakaonekana kwenye mchoro wake. Kwahiyo mazoezi ya mchoraji yalimpa Galileo cha kuona na jometri ikampa urefu wake, na ukiondoa kimoja hapo hadithi nzima inakatika.

Na wakati mwingine vipaji hivyo havikai kwa mtu mmoja. London, 1854, kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 mtaa mmoja wa Soho. Daktari John Snow (siyo yule wa mhadhara) alikuwa anaamini ugonjwa unapita kwenye maji, akaishuku pampu ya Broad Street. Kasisi kijana wa mtaa ule, Henry Whitehead, hakumwamini, akaanza kupita nyumba kwa nyumba ili amthibitishe kakosea. Na kwakuwa aliwajua watu, alirudi nyumba moja hata mara kadhaa, akawasikiliza wajane, akauliza marehemu alikunywa maji ya wapi, nani alitumwa kuyachota. Kadri alivyosikiliza ndivyo alivyogeuka, mpaka ni yeye aliyegundua kichanga kilichougua mwanzo kabisa kwenye nyumba iliyo karibu na pampu, ambacho maji ya nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu lililo karibu kabisa na kisima. Daktari alikuwa na nadharia, kasisi akawa na masikio, na kilichowaunganisha ni kwamba wote wawili walikubali kusahihishwa na walichokikuta.

Kwahiyo tukirudi darasani, kuna vitu vinaitwa upatanisho ambavyo mimi naviona havifiki. Kimoja ni kuimba wimbo wa usanisinuru. Watoto wanafurahi, wanakariri, sina ugomvi na wimbo, lakini pale muziki umefanywa gari la kubebea baiolojia, hakuna swali lolote la muziki lililoulizwa. Vilevile somo la historia linalomaliza kwa kuchora grafu ya idadi ya watu bila kuuliza namba zimetoka wapi, nani alihesabiwa na nani aliachwa, hapo sayansi imekuwa pambo. Kingine ni kusaga kila kitu pamoja, somo moja kubwa la mada mseto ambalo mwanafunzi anatoka hajui hesabu ya kutosha wala hajasoma kitabu kimoja mpaka mwisho. Upatanisho unahitaji pande mbili zilizosimama. Mwanafizikia Alan Sokal alipeleka makala ya uongo, imejaa maneno makubwa ya fizikia yasiyo na maana, kwa jarida la masomo ya utamaduni, wakaichapisha mwaka 1996. Wengine walitumia tukio lile kuwadharau watu wa sanaa wote, mimi naona funzo lake ni dogo na la maana zaidi: usiazime maneno ya nyumba ya pili bila kuazima na nidhamu yake. Na linakata pande zote, kwa sababu wapo watu wa sayansi wanaotamka mambo ya historia na dini kwa kujiamini ambako wasingejiruhusu hata siku moja kwenye maabara yao.

Kinachofaa nakiona pale ambapo kitu kimoja kinawekwa mezani na walimu wawili wanakihitaji. Chukua mbao ya mlango wa zamani. Mwalimu wa fizikia anaeleza jinsi ya kupima umri kwa kaboni 14, aina ya kaboni inayopungua yenyewe polepole, mbinu aliyoibuni Willard Libby mwishoni mwa miaka ya 1940 akapewa Nobel ya 1960: mti ukiwa hai unavuta kaboni kutoka hewani, ukifa hauvuti tena, na kaboni 14 iliyomo inapungua kwa nusu kila miaka 5,730. Wanafunzi wanapiga hesabu, tuseme jibu linakuja miaka 600. Mwalimu wa historia anatoa hati inayosema jengo lina miaka 300. Darasa linalipuka, hati ni ya uongo! Hapo ndo mwalimu anauliza kwa utulivu: ile 600 ni umri wa nini? Ni tangu sehemu ile ya mti ilipoacha kuvuta kaboni, mashine haijui lolote kuhusu mlango. Inawezekana mbao ilitoka katikati ya mti mzee sana, inawezekana ilikuwa boriti ya nyumba nyingine ikabomolewa ikachongwa upya. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Geuza sasa, hati inasema jengo lina miaka 600 na mbao inasema 300. Hapo waulizwe nani aliandika ile hati, alikuwa anadai nini, ardhi au ukoo au cheo, na waulizwe pia kama mlango ulibadilishwa na sampuli ilichukuliwa sehemu gani. Ndani ya kipindi kimoja mtoto kajifunza kwamba namba inahitaji kusomwa na maandishi yanahitaji kupimwa.

Wapo waliojaribu kuweka jambo hili kwenye utaratibu. MIT, chuo cha Marekani kinachojulikana kwa uhandisi, hakimpi mtu shahada ya kwanza mpaka amalize kozi 8 za sanaa, fasihi na sayansi za jamii. Finland kwenye mtaala ulioanza kutumika 2016 kila shule ya msingi inatakiwa kuwa na angalau moduli moja kwa mwaka inayovuka mipaka ya masomo. Ni njia mbili tofauti, moja inamlazimisha mwanafunzi apite kote, nyingine inawalazimisha walimu wakutane, na mimi naipenda zaidi ya pili hata kama ni ngumu, kwa sababu mwanafunzi anaweza kupita kwenye vyumba vyote nane bila mwalimu hata mmoja kumwonesha mlango unaoviunganisha.

Ugumu wake unaeleweka. Ratiba imeshakatwa vipande vya dakika arobaini, mwalimu alisomeshwa somo moja au mawili na anaogopa kuulizwa swali la upande wa pili mbele ya wanafunzi, na mtihani ndo unaoamua kila kitu, kisichotahiniwa hakifundishwi hata kiandikwe kwenye mtaala kwa wino wa dhahabu. Kwahiyo mimi ningeanzia kwenye mtihani. Swali moja tu kwa mwaka, lile la mbao na hati, maksi 30. Maksi 10 za hesabu ya kaboni, anasahihisha mwalimu wa fizikia. Maksi 10 za kuisoma hati, nani kaandika, kwa ajili ya nani, lini, anasahihisha mwalimu wa historia. Maksi 10 za mwisho ni za pale mwanafunzi anapoamua afanye nini namba na maandishi vinapokataana, na hizo hakuna mwalimu anayeweza kuzitoa peke yake, inabidi wakae meza moja na karatasi ile ile katikati, mmoja aseme hapa kakosea, mwingine aseme subiri, soma tena aya ya tatu, na mtoto akirudishiwa karatasi yake akute pembeni mwandiko wa watu wawili.